Vuna Saa za Mzee: Mwongozo wa Kujifunza Urubani kwa Mwalimu Mkongwe

Mwalimu wa urubani mwenye saa 15,000 angani hawezi kukugawia hata saa moja kati ya hizo. Sheria inataka uruke zako mwenyewe, na mikono yako pia inazihitaji. Anachoweza kukupa ni uamuzi: lini kuruka na lini kubaki chini, lini kuendelea na lini kugeuza, jambo gani ni dogo na lipi litakuua. Uamuzi huo haufundishiki vizuri injini ikinguruma na redio ikiita. Hufundishwa mkiwa chini, katika nusu saa ya kabla ya kuruka na nusu saa ya baada ya kutua. Mwanafunzi anayefika mbio, akaruka, akalipa na kuondoka amelipia ndege na mafuta, lakini hazina ya mwalimu wake ameiacha palepale uwanjani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza, au unayefikiria kuanza, ukiwa na nafasi ya kufundishwa na mtu aliyezeekea kwenye kazi hii. Mifano mingi ni ya Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo na wanafunzi wao wamekuwapo tangu enzi za Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929 na ambaye uwanja huo unabeba jina lake. Mambo yenyewe yanakuhusu hata ukijifunzia Dar es Salaam, Arusha au Soroti.

Mkongwe ana nini?

Kwenye vyuo vingi vya urubani utakuta walimu wa aina mbili. Wapo vijana waliohitimu karibuni, wanaofundisha huku wakikusanya saa ili waajiriwe na mashirika ya ndege. Wana bidii, mitihani bado wanaikumbuka, na wanajua mwanafunzi hukwama wapi kwa sababu juzi tu walikwama hapohapo. Usiwadharau. Kisha wapo wazee: aliyesafirisha watalii na wagonjwa kwenye viwanja vya vumbi kwa miongo, au aliyestaafu kwenye ndege kubwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamzuia rubani aliyetimiza miaka 65 kuendesha ndege za biashara za kimataifa, lakini ukomo huo hauhusu kufundisha kwenye ndege ndogo. Ndiyo maana unaweza kumkuta nahodha wa zamani wa ndege kubwa ameketi kiti cha kulia cha Cessna 172, akimsubiri kijana wa miaka 19.

Tofauti kubwa ya mkongwe ni kwamba haharakishi. Hahitaji saa zako kwa ajili ya logibuku yake, daftari rasmi la saa za kuruka. Akisema leo haturuki, hana cha kupata kwa kusema hivyo. Pia ameshaona jinsi jambo dogo linavyozaa kubwa: kifuniko cha mafuta kisichofungwa vizuri, wingu lililoonekana jepesi, abiria aliyekuwa na haraka. Hayo ndiyo unayotaka kumchota.

Kabla hujamkubali

Mvi peke yake si sifa. Zipo saa nyingi zilizojaa mazoea mabaya. Muulize, au uulize chuo, maswali haya bila kuona haya:

Kibali chake cha kufundisha kiko hai? Cheti chake cha afya je? Marubani hupimwa afya mara nyingi zaidi kadiri umri unavyosonga, na mwalimu wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Anaruka mara ngapi kwa wiki? Mtu aliyeruka sana zamani lakini sasa anaruka mara moja kwa mwezi atakuwa na hadithi nzuri na mikono mizito.

Anazijua kanuni na vifaa vya leo? Mwalimu mkongwe anayefaa anakufundisha kuongoza kwa ramani, dira na saa, na GPS anakufundisha pia. Ukimsikia akizibeza teknolojia zote mpya, jihadhari.

Muda wa mazungumzo ya chini unalipiwaje? Kwa kawaida ndege hutozwa kwa muda ambao injini imewaka, na mwalimu huwa na malipo yake. Fahamu mapema, kisha ulipe kwa moyo mmoja. Hakuna fedha itakayokurudia vizuri zaidi ya hiyo.

Halafu omba somo moja la majaribio na umwangalie akiikagua ndege. Je, anashika orodha ya ukaguzi mkononi, au anazunguka akisema anaijua kwa moyo? Chagua yule anayeisoma. Aliyefanya kazi hii miaka 40 na bado anaisoma orodha mstari kwa mstari tayari amekupa somo la kwanza.

Kwa upande wako, nenda kwa daktari wa marubani kabla hujalipa karo. Leseni ya rubani binafsi inadai cheti cha afya cha daraja la pili, na ya biashara daraja la kwanza. Ukiwa na nia ya kuifanya kazi, pimwa daraja la kwanza mwanzoni, ili tatizo la macho au moyo ulijue kabla hujauza shamba. Umri wa chini wa leseni binafsi ni miaka 17. Kiwango cha ICAO ni saa 40 angani, zikiwamo 10 za kuruka peke yako, na ndani ya hizo safari moja ya angalau kilomita 270 yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Wengi huhitaji zaidi ya 40. Mwalimu mkongwe hatakuahidi kwamba utamaliza kwa kiwango cha chini, na usimtake aahidi.

Nusu saa ya kwanza

Fika mapema, ukiwa umesoma somo la siku hiyo na taarifa ya hali ya hewa. Usimwachie mzee akupangie kila kitu. Mweleze wewe: upepo unatoka wapi, mawingu yako kimo gani, tutatumia njia ipi ya kurukia, mafuta ni kiasi gani, tutafanya nini. Kisha nyamaza umsikilize anaporekebisha.

Chukua mfano mmoja ambao kila mwanafunzi wa Nairobi anapaswa kuupigia hesabu mwenyewe. Wilson iko kiasi cha futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Watengenezaji wa ndege hupima uwezo wake kwa hewa ya kawaida: nyuzi 15 za Selsiasi pwani, zikipungua 2 kwa kila futi 1,000. Kwa hesabu hiyo Wilson ingekuwa na nyuzi 4. Mchana wa Februari kipimajoto kinasoma 25, yaani nyuzi 21 zaidi. Kila nyuzi ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi. Zidisha, jumlisha, utapata futi 8,000 na ushee. Magurudumu yako yako kwenye lami ya Wilson, lakini injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko karibu na kimo cha vilele vya vilima vya Ngong.

Maana yake? Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hakisukumwi hadi mwisho kama Mombasa. Unapunguza mafuta kabla ya kupaa, kwa namna kitabu cha ndege kinavyoelekeza, injini ipate uwiano wake. Na kuna mtego wa macho. Kipimo cha mwendo kitasoma noti 55 (maili za baharini kwa saa) unapoinua pua, kama pwani, lakini ardhi inapita chini yako kwa kasi iliyozidi hiyo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Macho yanakwambia unakwenda mbio mno. Mgeni huamini macho: hunyanyua pua kabla ya wakati, au wakati wa kutua hupunguza mwendo hadi bawa linakaribia kuacha kubeba. Mkongwe atakwambia neno moja: kipimo. Kujua kwa nini anasema hivyo ndiyo kazi ya nusu saa ya kwanza.

Ndiyo maana pia wazee wengi hupenda somo lianze saa moja asubuhi. Hewa ni baridi na imetulia, na ndege inapanda vizuri. Isipokuwa Juni hadi Agosti, ambapo mawingu mazito hulala juu ya Nairobi hadi karibu saa nne au zaidi. Hapo utajifunza kusubiri, na kusubiri nako ni somo.

Kisha nendeni kwenye ndege pamoja. Usione ukaguzi ni desturi tu. Angalia anavyochota mafuta kutoka chini ya tangi kwa kikombe cha plastiki angavu. Petroli ya ndege ya kiwango cha 100LL ina rangi ya samawati. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatakaa chini ya kikombe kama shanga zisizo na rangi, na mpaka utauona. Lakini kikombe kikijaa maji matupu hakuna mpaka wowote, na mtu mwenye haraka huona "safi" akaridhika. Kwa hiyo mzee atakiinua kikombe mbele ya kitu cheupe, bawa au karatasi, atazame rangi, kisha akinuse. Muulize kwa nini anafanya kila kimoja. Nyuma ya kila tendo lake kuna ajali ya mtu fulani.

Mkiwa angani

Kabla ya kuwasha injini, kubalianeni ni nani anaongoza na mtapokezanaje. Mmoja anatamka kwamba anaichukua ndege, mwingine anatamka kwamba ameiachia, wa kwanza anathibitisha. Isitokee hata sekunde moja ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika. Kadhalika isitokee mikono minne ikivutana.

Shika usukani kwa vidole, si kwa ngumi. Miguu ifanye kazi: wanafunzi wa leo wengi wamezoea simuleta, na miguu yao hulala. Mwalimu aliyekulia kwenye ndege za gurudumu la mkia ataisikia ndege ikitambaa upande hata akiwa amefumba macho, na hatakuachia.

Usishtuke akitoa kipande cha karatasi na kukufunika kipimo cha mwendo. Wazee wengi hufanya hivyo. Anataka uisikie ndege: sauti ya upepo inapungua kadiri mwendo unavyoshuka, usukani unalegea, pua inakaa juu ya upeo wa macho kuliko kawaida. Bawa huacha kubeba linapoikabili hewa kwa pembe kubwa kupita kiasi, nalo linaweza kufika huko kwa mwendo wowote. Anayeijua pembe hiyo kwa mwili wake hanaswi kirahisi. Somo hili halipingani na ule wosia wa kipimo: kipimo kinakulinda dhidi ya macho yanayodanganya, na mwili unakulinda siku kipimo kinapokufa.

Kwenye kutua, kosa la wengi liko machoni. Anapokaribia ardhi, mwanafunzi hukodolea lami iliyo mbele ya pua, na lami hiyo inakimbia mno kiasi kwamba hawezi kupima kimo. Hamisha macho uyapeleke mwisho wa njia ya kurukia. Hapo utaiona ardhi ikipanda taratibu pande zote mbili, nawe utajua lini kuvuta usukani kidogo kidogo hadi magurudumu makuu yaguse kwanza. Mizunguko ya uwanja, yaani kupaa, kuzunguka na kutua tena na tena, itakuchosha. Ukihisi kila kutua kunazidi kuwa kubaya, sema. Mkongwe anajua kwamba mwanafunzi aliyechoka hajifunzi, na atakupeleka ukapumzike.

Na siku moja, bila taarifa, atauvuta mkono wa nguvu nyuma. "Injini imekufa. Unafanya nini?" Shusha pua upate mwendo wa kuteleza, ambao kwa Cessna 172 nyingi ni noti 65 hadi 68 kutegemea toleo. Chagua mahali pa kutua, ukiusoma upepo kwa moshi na vumbi. Halafu ndipo utafute chanzo. Atakuuliza pia, mkiwa bado chini, utafanya nini injini ikifa muda mfupi baada ya kupaa. Kusini mwa Wilson kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyo wazi; mashariki kuna mitaa ya watu. Jibu lazima liwe limeshaamuliwa kabla magurudumu hayajaacha lami, na katika kimo cha chini jibu hilo si kugeuka nyuma bali ni kushusha pua na kutua mbele, palipo na nafasi nzuri kuliko pengine.

Heshima isiyofunga mdomo

Hapa pana jambo ambalo sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa tunapaswa kulizungumza wazi. Tumefundishwa kutomkatiza mzee, wala kumsahihisha mbele ya watu. Ni malezi mema. Ndani ya ndege malezi hayohayo, yasipopewa mipaka, yanaua.

Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, nahodha Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkuu wa mafunzo ya marubani wa Boeing 747 katika shirika la KLM, alianza kupaa kwenye ukungu ilhali ndege ya Pan Am bado ilikuwa kwenye njia ileile. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imeshatoka. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Swali likaishia hapo. Watu 583 walikufa. Yule nahodha alikuwa mwalimu wa walimu, na swali lililoweza kuwaokoa lilikuwa limeshaulizwa, ila kwa upole mno, na halikurudiwa.

Tangu hapo marubani duniani wanafundishwa jinsi ya kusema, na wewe anza siku ya kwanza. Mwite mwalimu wako kwa jina la heshima lililozoeleka, Kapteni au Mwalimu, kisha taja ukweli unaouona, si hisia zako: "Kapteni, mwendo unashuka, noti 58." Akinyamaza, sema tena na uongeze unachotaka kifanyike: "Kapteni, noti 55, tushushe pua." Jambo likihusu kutua, yeyote kati yenu akiwa na shaka, mnaghairi kutua na kupaa tena, maswali yatafuata mkiwa juu.

Kabla ya somo la kwanza, muulize waziwazi: "Mwalimu, nikiona kitu hakijakaa sawa, nikwambieje?" Mkongwe aliyekomaa atafurahi, na huenda siku moja akafanya kosa dogo makusudi aone kama utasema. Anayekujibu kwamba kazi yako ni kukaa kimya na kujifunza, mwage kwa adabu utafute mwingine. Kadhalika anayekufokea hadi akili inaganda. Ukali wa mwalimu una mahali pake, lakini mwanafunzi aliyejaa hofu husikia sauti tu, hasikii somo.

Nusu saa ya mwisho

Injini ikizimwa, usikimbilie simu. Kaeni kivulini na daftari. Anza wewe kusema ulichofanya vizuri na ulichoharibu, kabla yeye hajasema. Kisha umuulize swali ambalo naliona ni bora kuliko yote: "Ni wapi mkono wako ulitaka kushika usukani?"

Swali hilo linafungua mengi. Mwalimu mwenye uzoefu huwa na mahali kadhaa katika kila somo ambapo alijizuia kuingilia. Pengine ni kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ulipozidisha usukani wa mkia huku pua ikiinuka. Kutoka hapo ndege inaweza kuanza kuzunguka ikianguka, na kimo cha kuiokoa hakipo. Wewe hukuona chochote. Yeye aliona mwanzo wa ajali akakupa sekunde mbili za kujirekebisha. Umbali kati ya alichoona na ulichoona ndio unaokutenganisha na urubani, na swali hilo linaupima.

Andika majibu siku ileile, kwa maneno yake. Logibuku inarekodi muda na viwanja, lakini haitunzi sababu. Daftari ndilo litakalobaki na sababu. Ulizia pia safari alizoziahirisha: alikuwa wapi, aliona nini, nani alimshinikiza aruke, alijibuje. Hadithi za ushujaa hufurahisha, ila utakazozihitaji zaidi ni zile za siku alizobaki chini.

Kuruka peke yako, na kuruka na wengine

Siku ya solo mara nyingi haitangazwi. Mnafanya mizunguko kama kawaida, kisha mzee anafungua mlango, anashuka na kukwambia uende. Kumbuka jambo moja la kifundi: ndege imepungukiwa na uzito wa mtu mzima. Itaacha ardhi mapema, itapanda haraka, na wakati wa kutua itaelea zaidi. Usiilazimishe kugusa chini. Ikipita mbali, ghairi kutua uzunguke tena.

Usihesabu saa ulizochukua kufika hapo ukajilinganisha na wenzako. Mwalimu mzuri anasubiri hadi aone unajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa, si hadi utue vizuri mara moja kwa bahati.

Hata ukimpenda sana, ruka mara chache na walimu wengine, hasa kabla ya mtihani. Mwambie kwanza, ni adabu, na wengi wao hupendekeza wenyewe. Mwalimu mpya ataona ambacho macho yenu wawili yameshazoea. Kijana aliyetoka chuoni juzi anaweza kukusaidia kwenye nadharia na vifaa vya kisasa. Na ukigundua mzee wako anaanza kusahau, kuchelewa kuitikia redio au kurudia makosa, usimfichie. Zungumza naye faraghani, kisha na mkuu wa mafunzo. Kumlinda mtu uliyemheshimu ni pamoja na kumlinda asiishie vibaya.

Kabla hamjaagana

Ukipata leseni, mwombe kikao kimoja zaidi, mkiwa mezani bila ndege. Andikeni pamoja mipaka yako ya mwaka wa kwanza. Upepo wa ubavuni: ndege kama Cessna 172 imeonyeshwa kuhimili noti 15, lakini wewe anza na nusu yake. Mafuta: viwango vya ICAO vinadai akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana inayoongozwa kwa kuona nje, wewe weka saa nzima. Mawingu: kimo gani hutaruka chini yake. Muda: saa ngapi jioni utakuwa umeshatua, ukikumbuka kwamba kwetu giza huingia haraka baada ya jua kuzama. Abiria: ni nani hutambeba bado.

Weka sahihi, naye aweke yake, kisha ibandike ndani ya jalada la logibuku. Utakuja wakati una abiria wanaotazama saa zao, wingu limeinamia Ngong, na hakuna mwalimu kiti cha kulia. Usibishane nao wala na nafsi yako. Fungua jalada, soma mipaka, na kama siku imeivuka, ifunge ndege kwa kamba na uwaambie abiria kwamba mtaondoka kesho.